Nungunungu na Mlango wa Kichuguu

Enzi zile wanyama walipokuwa wakiuziana nyumba, Nungunungu alitaka shimo katika kichuguu kimoja kikubwa. Wakazi walikuwa wengi, kila mmoja na shimo lake, ila mlango wa nje ulikuwa mmoja. Nungunungu hakuwa mnyama wa kuuziwa kibovu. Aligonga kila ukuta, akanusa kila pembe, akajilaza sakafuni kupima unyevu.

"Na majirani je, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Kwani nanunua majirani? Nanunua shimo."

Akamlipa Nguchiro, mwenye shimo, mihogo yake yote ya msimu, wakahamia. Giza lilipoingia akatoka kwenda kutafuta chakula, kama nungunungu wote. Akamkuta Ngiri, mwenyekiti wa wakazi, amejaa mlangoni.

"Jua likizama hapa hatoki mtu," Ngiri akasema. "Ndivyo tulivyokubaliana."

"Mbona sikuambiwa?"

"Uliuliza?"

Ikawa mchana usingizi unamwangusha, usiku njaa inamkesheza. Alipokonda hadi miiba ikamlegea, akatangaza kuuza. Akaja Pelele. Huyo alishinda kutwa nzima akipiga soga na wakazi, kisha akaingia kwa Nungunungu na nusu tu ya bei. Nungunungu akapokea, lakini ikamuuma.

"Unanunua hata ukuta hujagusa?"

"Kuta ulishazikagua wewe, mzee wangu," Pelele akajibu. "Mimi nilikuwa nawakagua majirani. Wanalala mapema, na mimi pia."