Beringi ya Mashine ya Tatu

Zhivka alipofuta grisi kwenye beringi mpya, aliona msalaba aliouchora mwenyewe kwa msumari mwezi uliopita, siku alipoitupa kwenye chuma chakavu.

Kumbe mtu ameiokota, ameing'arisha, ameitia kwenye boksi jipya na kukiuzia tena kiwanda chao cha nyanya za kopo.

"Shangazi, ifunge hivyo hivyo," meneja alisema. "Nyanya zinaoza uani."

"Nyingine kama hii ilipasuka ikang'oa vidole vya fundi mwenzangu."

"Wewe ni fundi au wakili? Washa mashine."

Zhivka alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli lake jekundu. Kiwandani kufuli la fundi hulifungua mwenyewe tu, hata meneja haligusi.

Kisha akaudondosha ufunguo kwenye pipa la grisi.