Kikopo cha Mzee Dadi

Lukas aliliona turubai kabla ya kuiona nyumba, akamwomba kijana wa bodaboda asimame.

Lilikuwa limefungwa kati ya mkorosho na ukuta wa Mzee Dadi. Chini yake wanaume walikaa mikekani, kofia kichwani, wakizungumza kwa sauti za chini. Lukas alibaki kando ya barabara ya Pande na begi mgongoni. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kumwambia mzee huyo jambo moja. Sasa alijua amechelewa.

Mwaka uliopita, akisomea shahada ya uzamili ya biolojia ya seli, alikuja hapa kukusanya mikojo ya wanaume wanaolima mpunga mabondeni. Kichocho kikikaa mwilini miaka mingi huziharibu seli za kibofu, naye alitaka kuziona kwa hadubini zikiwa bado mwanzoni. Ilikuwa Ramadhani. Wanaume walifika zahanati mchana, midomo imekauka, wakarudisha vikopo vyenye mkojo wa kulowesha kitako tu.

Lukas ni Mngoni, na Wangoni na Wamatumbi ni watani tangu vita vya mababu. Basi alikuwa akikiinua kila kikopo juu watu wakione, akisema Wamatumbi wamekauka kama visima vya Oktoba, maji yote yaliwaishia babu zao walipokuwa wakikimbia. Benchi zima lilicheka. Mzee Dadi, aliyebaki wa mwisho, alijibu kwamba hajawahi kusikia kabila linalompeleka mtoto chuo kikuu ili aje kuchungulia mikojo ya mabwana zake. Akasema choo cha watu wengi hakimpi uhuru, akaenda kwake na kikopo. Alikirudisha kimejaa.

Ni katika kikopo hicho Lukas alipoziona: seli zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyokosa umbo. Msimamizi wake alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mwenye mkojo huu asicheleweshwe.

Lukas hakuchelewa. Alirudi Pande, akamkuta Mzee Dadi barazani akicheza bao na wenzake, akamwomba wasogee pembeni. Mzee aligoma. Kama ni habari ya Mmatumbi, alisema, isemwe mbele ya Wamatumbi.

"Mzee, kwenye mkojo wako kuna seli za saratani," Lukas alisema. "Nenda hospitali, usingoje."

Mkono wa mzee ulisimama juu ya bao, kete zimo ndani. Kisha akacheka.

"Mnamsikia Mngoni? Babu yake alishindwa kutumaliza kwa mkuki, mjukuu kaleta hadubini."

Baraza likaangua kicheko. Mtani hutania kifo kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo kazi yake. Lukas angeweza kukaa chini, akunje uso, arudie maneno yake taratibu mpaka kicheko kiishe. Lakini wote walikuwa wakimtazama, wakingoja jibu lake. Naye akacheka. Akasema ni hasara kumpotezea mkuki mzee mkondefu namna hii, akaaga, akaondoka.

Alijiambia atapiga simu. Hakupiga. Aliandika tasnifu yake, na seli zile zilipata ukurasa wao peke yao, kwa picha ya rangi. Wasahihishaji waliisifu picha hiyo. Tangu siku hiyo hakuweza kuufungua ukurasa ule.

Aliposogea turubaini, mwanamke mmoja kati ya waliokuwa wakipika alisema kwa sauti kwamba mtani kafika, sasa msiba utachangamka. Ilikuwa haki yao kungoja. Mtani ndiye humwigiza marehemu, hulizuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, huwafanya wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Lukas aliinamisha uso.

Huseni, mtoto mkubwa wa Mzee Dadi, alikuja kumpokea. Lukas alimshika mkono, akaanza kumpa pole ya kufiwa na baba. Huseni akamkatiza kwa upole.

"Baba yupo ndani, kaka. Aliyetutoka ni mama. Aliugua tangu masika, tukajua ni presha yake ile ile."

Lukas aliketi mkekani. Bi Somoe, mama yake Huseni, alikuwa amempikia futari mara nyingi, akimsifu kwa kula kama mtu wa kwao. Alimwonea huzuni. Ila kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, na aliionea haya furaha hiyo katika nyumba ya watu waliofiwa. Mzee yupo hai. Bado kuna muda.

Alimkuta ameketi ukumbini peke yake, mwili ule ule, hata mashavu yameongezeka kidogo. Lukas alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Hakutania. Alimshika mkono akaeleza yote: kwamba siku ile penye bao alikuwa akisema kweli, kwamba alicheka kwa uoga, kwamba wakishamaliza mazishi atampeleka hospitali yeye mwenyewe na kukaa naye huko.

"Kumbe hukuwa unatania," Mzee Dadi alisema polepole.

"Sikuwa natania, babu. Unisamehe. Lakini tukiwahi, seli zako zinaweza kutibika."

Mzee aligeuka kuutazama mlango wa chumba ambamo wanawake walikuwa wakimwosha Bi Somoe. Alikaa hivyo mpaka maji yalipoacha kusikika.

"Siku ile nilikuwa nimefunga, mtani, sikuwa na hata tone, nawe ulishatucheka mbele za watu," alisema. "Kikopo kile alinijazia mama Huseni."