Adui wa Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa bado na nafasi ya kugombana kwa utulivu, Nungunungu na Nyegere walipigania shimo moja kila masika. Nyegere alikuwa jeuri, Nungunungu alijaa majivuno, na hapakuwa na aliyewahi kumshinda mwenzake.

Masika moja Nungunungu akaenda kudai pambano lake, akamkuta Nyegere ameteguka mguu, amelala humo shimoni hawezi hata kusimama. Kabla hajajua la kufanya, akatokea Fisi, bingwa wa kunusa misiba ya watu.

"Hongera, bwana mkubwa! Nipishe hapo mlangoni nimmalize huyo adui yako, shimo libaki lako. Mwenyewe si kitu, kipanya tu."

Nungunungu alikuwa ameshaanza kupisha. Akasimama.

"Umemwitaje?"

"Kipanya."

"Fisi, huyu nimepigana naye ujana wangu wote, sikumweza. Yeye akiwa kipanya, mimi nitakuwa nani?"

Miiba ikasimama yote. Fisi aliondoka mbio, pua imejaa miiba kama mto wa kuchomekea sindano.

Mle shimoni Nyegere akanguruma, "Nani kakutuma unitetee, we ufagio wenye miguu?"

"Nyamaza, mwizi wa asali! Sogea huko, mvua inaninyeshea."

Nyegere akasogea.

Tangu hapo wanakaa pamoja, wakitukanana kutwa kama watani. Mgeni akidhani ni ugomvi, naye akachangia tusi lake, huchomwa na mmoja huku akiumwa na mwingine.