Mkono wa Sista Kalista

Sauti ya viatu vya Sista Kalista, mkuu wa wodi ya wazazi, ilitosha kumfanya hata mgonjwa hoi atandike kitanda. Tausi, muuguzi mgeni, alimwogopa kuliko sindano. Lakini mchana ule Shani, aliyekuwa ametoka kujifungua, alianza kuvuja damu nyingi, na Tausi ndiye aliyekuwa karibu.

"Njooni! Damu haikatiki!"

Wauguzi wenzake wakaja mbio, Sista Kalista mbele, andazi bado mdomoni. Tausi akasogea kumpisha.

"Unakwenda wapi?" Sista akalimeza andazi. "Wewe ndiye uliyemwona. Sema tufanye nini."

Tausi akamtuma mmoja dawa, mwingine akamwambia akande tumbo, yeye mwenyewe akatafuta mshipa, akaunga dripu. Stendi ya wodi ya kutundikia chupa ilikuwa imevunjika mguu.

"Sista, shika chupa. Juu!" Akashangaa sauti ni yake. "Juu zaidi!"

Wodi nzima ikageuka kumtazama Sista. Sista Kalista akanyoosha mkono hadi kwapa likachungulia.

"Hapa, bosi?"

"Hapo hapo. Usitikisike."

Damu ikapungua, ikapungua, ikakata. Shani akafumbua macho, akamwona mama yule mnene kasimama mkono juu kama mwanafunzi mtoro.

"Sista," akanong'ona, "na wewe umepewa adhabu?"

Kicheko kikawatoka wote, na machozi kidogo. Stendi ya kuazima ikaletwa, chupa ikatundikwa. Sista Kalista akamtazama Tausi, mkono bado uko juu, akingoja aambiwe aushushe.