Jiwe Lililoshika Ulimi

Shangazi alitoa ulimi wote nje, akabandika kile kijiwe cheupe kwenye ncha yake, akaachia mikono. Kijiwe hakikuanguka.

"Kimehika!" alisema, maana ulimi ulikuwa na shughuli nyingine.

Binti wa kaka yake, msichana wa mifupa wa jumba la makumbusho, aliruka kwa furaha akagonga kichwa kwenye rafu ya mafuvu.

Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Mfupa wa juzi ukiugusisha ulimi, unadondoka. Lakini kitu kilichokaa ardhini mpaka kikageuka jiwe huwa na vitundu visivyoonekana, navyo hunyonya mate na kung'ang'ania. Kisukuku! Alikuwa akikisubiri tangu alipopewa chumba hiki cha chini ya ngazi na kibao chake mlangoni: LETE MFUPA, TUKUTAMBULIE.

Watu walileta kweli. Mto ulipofurika na kupungua, waliokota kila kilichobaki mchangani. Wengine walileta magoti yao, kwa sababu Shangazi, aliyekuwa akifyatua matofali kule mtoni, alikuwa amemtangaza kwa mtaa mzima kuwa daktari wa mifupa. Msichana aliona haya kuwakatiza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa pole, ndipo akawaelekeza hospitali.

Shangazi mwenyewe hakukosa. Kila jembe lake lilipogonga kitu kigumu kwenye udongo, alikifunga kwenye kitambaa na kuja mbio.

"Huyu ni mbuzi, Shangazi."

"Mbuzi wa kale?"

"Mbuzi wa juzi."

Mpaka leo. Vijiwe hivi alivikuta chini kabisa ya shimo, vinne, vimelala kwenye mstari. Kila kimoja kilikuwa na kibonyeo upande mmoja na uvimbe upande wa pili, na uvimbe wa hiki uliingia kwenye kibonyeo cha kile kama vikombe vilivyopangwa kabatini. Kimoja kilikuwa kimemeguka, na ndani yake zilionekana chembechembe za mifupa.

"Pingili za uti wa mgongo," msichana alinong'ona. "Shangazi, umepata mgongo wa mnyama wa kale."

"Mgongo tu? Subiri, kesho nakuletea kichwa!" Shangazi akakirudisha kijiwe ulimini.

Mlango ulisukumwa kwa kiwiko. Ni mkurugenzi tu aliyefungua milango hivyo. Hakugusa kitasa alichokishika mtu mwingine, na baada ya kusalimiana kwa mkono alijipaka dawa ya kuua vijidudu mpaka kwenye vifundo.

"Mnaramba nini humu?"

"Ushahidi," Shangazi akajibu, akikibandua kijiwe.

"Mama, usikirudishe hicho kitu mdomoni, utaugua." Kisha akamgeukia msichana. "Mwaka mzima ni mbuzi na ng'ombe, ng'ombe na mbuzi. Ijumaa viti vya ukumbini vinahamia humu. Wewe utakwenda kukata tiketi getini."

Msichana alitazama viatu vyake. Halafu, kwa mshangao wake mwenyewe, akafungua mdomo. "Kimoja nakituma leo kwa mwalimu wangu wa chuo, akikate, akitazame kwa hadubini. Akisema si kisukuku, viti nitavipanga mimi mwenyewe."

Hakuwahi kumwambia mkurugenzi maneno mengi kiasi hicho. Shangazi alimfinya mkono kwa fahari mpaka ukauma.

Ijumaa viti vilikuwa vimeshafika kwenye korido. Shangazi naye alikuwa amefika, na wafyatua matofali wenzake wote katika nguo zao za kutokea, na mpiga picha wa gazeti aliyemvuta kwa mdomo tu. Vijiwe vitatu vilivyobaki vilizunguka kutoka ulimi hadi ulimi.

"Changu kimeshika kuliko chako!"

"Kwa nini kisishike? Ulimi wenyewe wa gundi!"

Mlinzi alijaribu mara mbili. Mpiga picha alisema hana haja, kisha akajaribu. Mkurugenzi alisimama mbali, leso puani.

Simu ikalia. Msichana akabonyeza spika.

"Ni kisukuku halisi!" sauti ya mwalimu ilijaa korido nzima. "Hakuna cha kale kama hiki kilichowahi kutoka mto huo! Kesho nakuja na wenzangu wote. Mtu asithubutu kugusa hicho chumba chako!"

Korido ililipuka. Shangazi alibebwa juujuu, kiatu kimoja kikaangukia kwenye rundo la viti. Msichana alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, amemkumbatia mlinzi ambaye kila siku alimsalimia akitazama chini.

"Viti vitoke!" mkurugenzi alipiga kelele, naye sasa anacheka. "Hiki ni chumba cha mifupa!"

"Mkurugenzi, picha ya ukurasa wa mbele?" mpiga picha akauliza. "Kama wenzako walivyofanya?"

Mkurugenzi alitazama kamera. Akatazama umati uliokuwa ukimshangilia. Akaitupa leso, akachukua kijiwe kilichoonekana kisafi kuliko vingine, akakibandika ulimini na kutanua mikono kama mtu anayetaka kuruka. Watu wakatulia kungoja picha.

"Mwalimu!" Shangazi aliinamia simu. "Ni mnyama gani?"

"Fisi, mama. Fisi mkubwa kuliko wote wa siku hizi."

"Fisi wangu! Na huu ndio mgongo wake?"



"Mgongo? Hapana, mama. Hiki ni kinyesi chake."

Kamera ikawaka. Kwenye ulimi wa mkurugenzi, kisukuku kilikuwa kimeshika vizuri kabisa.