Koili ya Tatu

Gari la harusi lilianza kumisi mlimani, injini ikikatakata, likagoma kabisa kupanda kuelekea kanisani Nkwenda.

"Kaa kwenye usukani, mwanangu, ukanyage mafuta kidogo," baba yake mdogo alimwambia Joviness. Miaka ya kushinda kwenye mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa imemla baba mdogo masikio. "Nachomoa koili za plagi moja moja. Ile ambayo nikiichomoa muungurumo haubadiliki, hiyo ndiyo imekufa. Unipigie kelele. Mpya ninayo mfukoni."

Joviness alikanyaga pedali kwa kiatu chake cheupe cha bibi harusi. Simu yake iliita, ni bwana harusi; ikakatika, ikaita tena.

Ya kwanza, injini ikakohoa.

"Imebadilika!"

Ya pili, ikakohoa vilevile.

"Imebadilika!"

Ya tatu. Injini iliendelea na kigugumizi chake kilekile.

Joviness aliitupia jicho simu.

"Imebadilika, baba!"

Baba mdogo hakugusa ya nne. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya injini muda wote, kikihisi kila mtikisiko. Alichungulia pembeni mwa boneti, akamtazama bibi harusi, akamtazama tena.

Kisha akafunga boneti, koili mpya ikiwa bado mfukoni.

"Zima, mwanangu," alisema. "Gari hili leo halifiki kanisani."