Mafuta ya Seremala

Katika mzunguko wa nne seremala alitapika nyuma ya goli.

Kinyozi, shemeji yake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya uwanja, koti amelifunga mpaka kidevuni. Alitazama saa.

"Hayo nayo yamepungua," alisema. "Bado sita."

"Njoo ukimbie wewe, shemeji."

"Mimi mafuta ya kupunguza nitayatoa wapi?"

Kinyozi alikuwa mwembamba kama ufito. Seremala alikuwa na tumbo ambalo, popote alipokwenda, lilifika kabla yake.

Wala si tumbo lililowaleta uwanjani. Daktari alikuwa amewawekea picha mezani, akaigonga kwa kalamu.

"Ini hili limejaa mafuta," alisema. "Nikilipasua hivi lilivyo, nitaua mtu. Nawapa wiki kumi na mbili. Kidonge cha kuyaondoa sina. Tembea, kimbia, toa jasho, kila siku. Ukirukaruka siku, yanarudi."

"Na yasipopungua?" seremala aliuliza.

"Hakuna upasuaji. Na bila upasuaji hatufiki mwisho wa mwaka."

Walipofika nyumbani mke wa seremala alichukua chupa ya mafuta ya kupikia, akampelekea jirani, akarudi mikono mitupu.

"Mume wangu," alisema, "mimi kuzika siwezi."

Basi seremala akakimbia. Mizunguko kumi kila alfajiri, kisha kwa miguu mpaka karakana. Huko alizima randa ya umeme, akawa anaranda mbao kwa mkono, kitanda cha siku mbili kikachukua siku tano. Wateja walinung'unika. Majirani walimpa pole ya maradhi, naye aliitikia kuwa ameshapoa, maana kueleza kungemchelewesha.

Kinyozi hakukosa hata siku moja. Duka lake lilikuwa limefungwa tangu mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo, alivyosema mwenyewe, kazi yake ilikuwa kuhesabu.

"Shemeji, kuna kuku amekupita."

"Nimemwona."

"Alikuwa anatembea."

Kilichomkatisha tamaa seremala ni mizani. Wiki ya tano ilisoma kilo zilezile za wiki ya kwanza. Kesho yake mvua ilinyesha. Akavuta shuka mpaka kichwani.

Mlango ukagongwa. Alipofungua alimkuta kinyozi amekaa kwenye ngazi, amelowa chapachapa, anahema kama ndiye aliyekimbia. Aliishi nyumba ya nne kutoka pale.

"Kilo ni zilezile," seremala alimwambia.

"Na suruali?"

Seremala aliitazama ile ya kazini, inaning'inia nyuma ya mlango. Mkewe alikuwa ameipunguza kiuno mara mbili. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Mafuta yanatoka, misuli inaingia," kinyozi alisema, akisubiri pumzi irudi. "Mizani haijui tofauti. Nimemuuliza daktari."

"Ulimwona lini?"

"Juzi. Vaa viatu."

Seremala alivaa. Siku ile alizunguka mara kumi na mbili, mvua ikimpiga usoni, na pembeni kinyozi alihesabu chini ya mwavuli wa seremala bila kumtania hata mara moja. Hilo lilimwogopesha kuliko maneno ya daktari. Tangu hapo hakulala tena asubuhi yoyote.

Wiki ya kumi na mbili ilipokwisha walirudi hospitali watatu, mke kakaa katikati. Daktari aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani. Aliitazama muda mrefu, mke akawa anakunja kadi ya hospitali mpaka ikawa ndogo kama ukucha.

"Limesafika," daktari alisema mwishowe. "Tunapasua Jumanne. Jumatatu asubuhi mje kulazwa, wote wawili."

Mke alimshika mumewe mkono, kisha akamshika na kaka yake.

Kinyozi alimgeukia seremala, akamkagua kuanzia kifuani mpaka kiunoni, taratibu, kama anayenunua.

"Mpaka Jumatatu usiguse soda, shemeji," alisema. "Nusu ya hilo ini ni yangu."